Maadili ya tiba yenye msingi wa dini kwa wahudumu wa ambulansi: mnafundishaje?

Mkufunzi wa Igoma
Habari zenu wapendwa. Nafundisha huduma ya dharura hapa Mwanza. Darasani nina manesi, madereva ngazi ya jamii wanaobeba wajawazito kupitia namba ya simu ya dharura 115, na vijana wa boti za Ukerewe. Waislamu, Wakatoliki, AIC, Wasabato, wote wamo. Mada ya maadili niliyoikuta inasema tu "heshimu imani ya mgonjwa", basi. Kijana mmoja akauliza: mama katoka kujifungua, damu haikatiki, mume hataki mwanamume amguse mkewe, na mhudumu wa kike hayupo. Afanyeje? Sentensi ile haimsaidii kitu. Mimi naamini jibu limo ndani ya dini zenyewe, ila sitaki kuwakaririsha orodha ya miiko. Naombeni msaada.

Ustadhi Kirumba
Wa alaykum salaam mwalimu. Wafundishe kanuni mbili za fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, na wasizitenganishe. Ya kwanza: dharura huhalalisha yaliyokatazwa. Ya pili, ambayo watu huisahau: dharura hukadiriwa kwa kiasi chake. Kukanda mji wa mimba ili damu ikatike ni mkono juu ya tumbo. Kwingine kote kufunikwe khanga, na mume akae pale pale kichwani kwa mkewe. Akiona stara imelindwa, mara nyingi ubishi unapungua. Na mwenye maamuzi ni mama, maadamu ana fahamu: aulizwe yeye. Msomee mume Sura ya 5 aya ya 32, kwamba anayeokoa nafsi moja ni kama ameokoa watu wote. Ila isomwe huku mikono inafanya kazi.

Mama Nesi Nyakato
Ustadhi kasema vyema. Mimi ni Mkatoliki, nimefanya kazi wodi ya wazazi hadi kustaafu. Mwalimu, usiache ubatizo wa dharura. Mtoto mchanga akiwa anakata roho, Kanisa linaruhusu mtu yeyote ambatize, hata asiyebatizwa, mradi anakusudia lile Kanisa linalokusudia: amwagie maji kichwani na kusema "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Kwa hiyo hata mhudumu Mwislamu anaweza, wazazi wakimwomba na dhamiri yake ikiridhia. Asilazimishwe, na wala asijiamulie mwenyewe. Kupumulisha mtoto kunatangulia.

Boti ya Bwiro
Na Mashahidi wa Yehova je? Huku visiwani wapo.

Mama Nesi Nyakato
Mwanangu, wanachokataa ni damu. Dripu ya maji ya chumvi si damu, kwa kawaida wanaipokea. Wengi hutembea na kadi inayosema hivyo. Mtafutie mfukoni, umkabidhi daktari pamoja na mgonjwa. Usimhubirie njiani.

Mkufunzi wa Igoma
Shikamoo mama, na asante sana ustadhi. Nimeamua: hakuna tena kipindi cha maadili peke yake. Siku ya kufundisha kuzuia damu, hapo hapo naweka mume mkali mlangoni na khanga mezani, wafanye yote kwa pamoja. Siku ya kupumulisha mtoto, naweka bibi anayelilia ubatizo. Ustadhi, utakubali kuja kuwa yule mume?

Ustadhi Kirumba
Nitakuja, inshallah. Usiweke Ijumaa mchana tu.