Naomba ushauri: naanza masters ya utayarishaji wa michezo ya jukwaani London

Wakuu, heshima kwenu. Nimepata nafasi ya masters ya utayarishaji wa michezo ya jukwaani London, masomo yanaanza Septemba. Ada imepatikana na viza inashughulikiwa, hapo sina shida.

Nilisoma TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, na tangu hapo naandaa maigizo Dar: kutafuta ukumbi, kubembeleza wafadhili, kuuza tiketi kwa M-Pesa, mpaka kukodi jenereta. Bajeti yangu huwa ukurasa mmoja wa daftari: ukumbi, nauli za waigizaji, chakula cha mazoezini, mabango, basi. Kule wanataka jedwali lenye bima, mrabaha wa mwandishi na fungu la dharura, halafu uonyeshe ni asilimia ngapi ya viti ikiuzwa gharama zinarudi. Juu yake kuna nafuu ya kodi kwa michezo ya jukwaani, iliyoanza 2014, na ruzuku za Arts Council England, shirika la umma linalofadhili sanaa huko.

Nimejaribu kuandika upya bajeti ya igizo langu la mwisho kwa mtindo huo. Nakwama kwenye makisio ya tiketi, maana huku nusu ya ukumbi wanaingia kwa kujuana!

Sasa, kwa muda uliobaki nikazanie hesabu na mikataba, au nisome na kutazama michezo kwa wingi? Na mliosoma sanaa Uingereza, nibebe kumbukumbu gani za kazi zangu (picha, video, mikataba) ili walimu waelewe nilichokuwa nafanya?

Natanguliza shukrani.