Nimepata kazi ya kuandika taarifa za mradi wa uchaguzi Malawi, nina mtoto wa miaka minne na siku tano za kujibu

Mama Ima (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Mnivumilie, uzi ni mrefu kidogo.

Nina miaka 34, nipo Mwanza, nafanya ufuatiliaji na tathmini kwenye mradi wa afya ya mama na mtoto, mwaka wa saba sasa. Kazi yenyewe wengi mnaijua: viashiria (namba za kupimia kama mradi unafikia malengo), kuzunguka vituo kuhesabu rejista, taarifa ya robo mwaka, mfadhili kuuliza kwa nini namba ya Sengerema imeshuka ghafla. Mkataba ni wa mwaka mwaka. Huu unaisha Juni na dalili za kuongezewa sizioni.

Mwaka jana niliomba nafasi za watu wa kujitolea wa Umoja wa Mataifa, nikasahau. Wiki mbili zilizopita wamenisaili kwa video, jana barua imeingia: Afisa Ufuatiliaji na Taarifa, mradi wa kusaidia uchaguzi, Lilongwe, Malawi. Aprili hadi Desemba. Uchaguzi wao ni Septemba 16 mwaka huu wa 2025. Nina siku tano za kujibu, moja imeshaliwa.

Sasa mimi uchaguzi sijawahi kuugusa zaidi ya kuchovya kidole. Mume anasema niende, ila anasema huku macho yapo kwenye taarifa ya habari. Na mama yangu ameniuliza, "Mtu mzima na mtoto, unaacha mshahara uende kujitolea?" Nikakosa jibu.

Aliyewahi kufanya kazi za namna hii naomba anifungue macho.

Gongolamboto Mwisho

Swali moja tu dada. Wamekuomba hela? Ya usaili, ya kipimo, ya kufungua faili? Umoja wa Mataifa hautozi mwombaji kazi hata senti. Mdogo wangu aliliwa laki nne kwa barua yenye nembo ya bluu iliyopigwa muhuri mpaka ikaiva.

Mama Ima

Hawajaomba chochote. Niliomba kwenye mfumo wao na barua imo humo humo kwenye akaunti yangu.

Gongolamboto Mwisho

Basi pakia begi. Nilichokuwa nacho ni hicho tu.

Mstaafu wa Viashiria

Mama Ima, hongera. Nilifanya kazi kama hiyo Monrovia, Liberia, mwaka 2017, kwa hiyo nikueleze nilichokiona.

Kwanza toa kichwani habari ya uangalizi. Watu wakisikia uchaguzi na wageni wanadhani utavaa kizibao uzunguke vituoni ukiandika kasoro. Hao ni waangalizi, wanatoka Umoja wa Afrika, SADC, Umoja wa Ulaya na kwingineko, wanakuja, wanatoa tamko, wanaondoka. Umoja wa Mataifa kwa kawaida hauangalii uchaguzi wala hautoi hukumu kama ulikuwa huru, labda Baraza la Usalama au Baraza Kuu liuagize. Kazi yake kubwa ni kuisaidia tume ya uchaguzi ya nchi: mafunzo, vifaa, elimu ya mpiga kura, ushauri. Wafadhili wanachangia kwenye kapu moja, na wewe ndiye unayewaambia wenye kapu hela imefanya nini. Kwa hiyo usiogope kwamba uchaguzi huujui. Rejista ya kliniki na karatasi ya mahudhurio ya mafunzo ya makarani ni ndugu wa tumbo moja.

Karatasi ya mahudhurio ndiyo itakayokupima. Nikupe kisa. Shirika moja dogo tulilokuwa tukilipia elimu ya mpiga kura lililetea ofisi orodha ya watu 60, wanawake 31. Safi kabisa, kiashiria kimevuka lengo. Nikaishika ile karatasi dirishani. Sahihi kumi na mbili za mwisho zilikuwa na mkia mmoja, unapinda kushoto, na wino umekolea sawasawa kama zimeandikwa kwa pumzi moja. Nikapiga simu namba tatu. Mmoja akaniambia siku hiyo alikuwa shambani. Nikaripoti 48. Bosi wangu hakufurahi, maana lengo likawa halijafikiwa na taarifa ilikuwa inatoka kesho yake. Aliniambia, "Ni wanawake kumi na wawili tu." Tulinuniana wiki nzima. Kwenye mradi wa afya namba ya kupika inaleta aibu. Kwenye uchaguzi ikivuja, chama kilichoshindwa kinaipeleka redioni.

Pili, tarehe ya mwisho wa mkataba usiiamini. Liberia walipiga kura Oktoba 10, hakupatikana mshindi, duru ya pili ikapangwa Novemba 7. Mahakama yao ya Juu ikaisimamisha ili isikilize malalamiko. Ikaja kufanyika Desemba 26. Mimi nilikuwa nimemwahidi mke wangu Krismasi Moshi, nikaila Monrovia, wali na majani ya muhogo. Na Malawi sasa hivi mshindi wa urais lazima avuke nusu ya kura, kwa hiyo duru ya pili inawezekana kabisa. Panga mambo ya mtoto ukijua hilo.

Mama Ima

Asante sana kaka. Hiyo ya sahihi zenye mkia nimecheka peke yangu, nilishaiona Magu.

Kura Yangu

Mimi nipinge kidogo. Tunajidanganya na miradi hii. Wazungu wanalipia sanduku, wanalipia wino, wanalipia mpaka anayehesabu waliohudhuria semina, halafu tunasema demokrasia ni yetu. Mwaka 2019 Malawi si walikuwa na misaada hiyo hiyo? Matokeo yakaja yamefutwafutwa kwa wino mweupe.

Mstaafu wa Viashiria

Hapo kwenye wino mweupe uko sahihi. Lakini maliza hadithi mkuu. Majaji watano waliufuta uchaguzi ule Februari 3, 2020, wakafika mahakamani wamevaa vizibao vya kuzuia risasi, na wakasema mshindi apate zaidi ya nusu. Juni 23 wakarudia, Rais Mutharika akashindwa na Chakwera wa upinzani. Kabla yao Afrika ni mahakama ya Kenya tu iliyofuta uchaguzi wa rais, 2017. Na kilichobeba kesi ni karatasi, fomu za vituoni, nakala za mawakala. Ndiyo maana nasisitiza anayetunza karatasi asidharaulike.

Kura Yangu

Nimekubali nusu. Nusu nyingine nabaki nayo.

Kasumulu Kwetu

Dada yangu mimi si msomi, mimi navusha mchele na vitenge. Malawi nakufahamu. Kwacha waliishusha asilimia 44 kwa mkupuo Novemba 2023, na mpaka leo bei ya dola benki na bei ya mtaani haziongei. Wakikulipa kwa dola, iache kwenye akaunti ya nje, chukua ya kula tu. Usibadilishe mtaani hata ukibembelezwa, wewe utakuwa mtu wa ofisi kubwa. Mafuta ni foleni, nimewahi kulala sheli Mzuzu na sikuwa peke yangu. Pangisha nyumba karibu na ofisi, hata ikizidi bei.

Watu ni wapole kweli. Jifunze "zikomo" na "muli bwanji" utaishi. Ukifika Karonga utasikia Kinyakyusa cha mbali, utajihisi upo Kyela. Na wakikukaribisha chambo usikimbie na ndoano. Ni samaki, ndugu yake sato, wewe wa Mwanza utakuwa hakimu. Jambo la mwisho: kwenye taarifa zako ziwa usiliite Nyasa, kwao ni Ziwa Malawi.

Mama Ima

Hahaha! Na nikivuka kurudi?

Kasumulu Kwetu

Ukivuka daraja la Songwe jina linarudi lenyewe.

Dada wa Makongoro

Mimi niongee la mtoto maana wanaume mmeliruka. Nilienda Juba miezi kumi mwanangu akiwa na miaka mitatu. Uliza kwa maandishi kama kituo chako cha kazi kinaruhusu familia, na kama ndiyo, posho inabadilikaje. Usiulize kwa simu. Halafu kaa na mume televisheni ikiwa imezimwa, mpange nani anampeleka shule, nani analala naye akiumwa, hela ya nyumbani inapitia wapi. Mimi sikufanya hivyo, nikakuta mtoto amehamia kwa wifi na hakuna aliyeniambia.

Kwa mama, mwambie neno kujitolea lisimchanganye. Haulipwi mshahara, lakini kuna posho ya kujikimu kila mwezi, hela ya kuanzia maisha, bima ya afya na tiketi. Kisichokuwepo ni pensheni. NSSF nenda wewe mwenyewe ukaulize kuhusu kuchangia kwa hiari. Hapo wengi tunajisahau.

Mstaafu wa Viashiria

Nilisahau kubwa kuliko yote. Mama Ima, kwenye mitandao umekaaje? Huko hutakiwi kuonekana una upande, wa kwao wala wa kwetu. Na sisi tuna uchaguzi wetu Oktoba, utakuwa Lilongwe, kura hupigi maana kwetu aliye nje hana utaratibu huo, na kushabikia hadharani pia usishabikie.

Mama Ima

Mungu wangu. Kuna picha ya 2020, nimevaa fulana ya chama, rangi nisitaje. Waligawa bure uwanjani, na mimi nilikuwa natoka sokoni! Ipo Facebook, ina watu 200 walioipenda.

Mstaafu wa Viashiria

Usifute kimyakimya. Waandikie waajiri leo, sema ipo, eleza ilivyokuwa, uliza wanataka ufanyeje. Fulana ya bure haimfukuzishi mtu kazi. Kuficha ndiko kunakofukuzisha, hasa kama atakayeiibua ni mwanasiasa aliyeshindwa.

Mama Ima

Mrejesho wakuu, siku ya nne.

Nimewaandikia kuhusu picha. Wamejibu asubuhi: niiondoe, nisome kanuni za maadili, nisaini, tuendelee. La familia nalo wamelijibu kwa maandishi, inaruhusiwa. Tumekubaliana na mume Ima abaki na baba yake mpaka shule zifunge Juni, kisha aje wiki chache. Safari hii alizima televisheni mwenyewe. Mama nimemsomea barua kwa Kisukuma, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kama bima inalipa meno.

Nimebonyeza kukubali saa nane mchana. Nikaitafuta ile fulana niichome kabisa, nikamkuta dada wa kazi anapigia deki.