Mabao matano kwa mashuti matano

Kikundi: SISI KWA SISI 🏠

*Jumapili, 25 Novemba 2018*

Zuberi: JAMANI MATANO!!! Laine wetu wa Winnipeg Jets kafunga MATANO jana, tena ugenini, kule St. Louis. 8-4 😭😭😭

Shangazi Tatu: Kuna nini? Nimeona herufi kubwa moyo ukanipasuka, nikajua msiba

Zuberi: Shikamoo shangazi. Hakuna msiba, ni hoki ya barafuni

Shangazi Tatu: Marahaba. Basi usituamshe kwa makelele

Salim (kipa): Nimeiangalia yote. Mashuti matano, mabao matano. Hakukosa hata moja. Namwonea huruma yule golikipa, maana hao St. Louis wiki hii hii wametoka kumfukuza kocha

Mama: Laine ni yule mtoto wa Finland mwenye ndevu?

Zuberi: Huyo huyo mama. Ana miaka 20 tu. Mabao 19 kwenye michezo 22, anaongoza ligi nzima. Msimu ni michezo 82, kwa mwendo huu anafika 71!! Mara ya mwisho mtu kuvuka 70 ilikuwa 1992/93, Selänne na Mogilny, 76 kila mmoja. Na Selänne alikuwa Mfini, na alikuwa Winnipeg. Mnaona inavyojipanga?

Salim (kipa): Jets ile nyingine lakini. Ile ilihamia Phoenix 1996. Hii tuliyonayo imetoka Atlanta 2011

Zuberi: Jina ni lile lile. Usiniharibie

Mjomba Hamisi: Habari za asubuhi wote. Zuberi mwanangu, mimi hiyo michezo ya kuteleza siijui, ila washambuliaji nawajua. Unamkumbuka Michu wa Swansea? 2012/13 aliingia ligi kuu ya soka England na mabao 18, kila mtu Michu Michu. Msimu uliofuata akapata 2

Zuberi: Shikamoo mjomba. Michu aliandamwa na majeraha, si haki

Mjomba Hamisi: Marahaba. Na huyo wako anacheza na visu miguuni, majeraha hayajui njia ya kwake?

Mama: 😂😂

Zuberi: Nyota njema huonekana asubuhi, mjomba

Dada Mwanaidi: Asubuhi gani? Oktoba nzima alikuwa na mabao 3, na wewe hapa ulikuwa unalalamika kwamba hafanyi mazoezi anacheza Fortnite. Hayo mengine 16 yote ni ya Novemba. Huo mnaouita mwanzo wa moto ni wiki tatu na nusu

Zuberi: Kaamka mwalimu 🙄

Dada Mwanaidi: Simdharau, subiri. Misimu yake miwili ya kwanza: mashuti 204, mabao 36. Halafu mashuti 241, mabao 44. Jumla 445 kwa 80. Hiyo ni asilimia 18. Ligi nzima kwa wastani inacheza kwenye 9 hivi. Kwa hiyo kijana anafunga maradufu ya mwenzake wa kawaida, na kafanya hivyo miaka miwili mfululizo. Hiyo si bahati, ni mkono

Zuberi: Haya sasa!

Dada Mwanaidi: Lakini msimu huu yuko juu ya 20. Na jana alikuwa kwenye 100 😅 Hapo ndipo ninaposhuka kwenye basi lako

Salim (kipa): Niseme kitu kama kipa, japo wa Jumamosi jioni tu. Akiwa pale kwenye duara la kushoto, wapinzani wamepungukiwa mtu aliyetolewa dakika 2, pasi inatoka upande wa pili. Wewe kipa inabidi uhame goli zima kwa kuteleza na huku yeye hatulizi mpira, anaupiga ulivyokuja. Ukifika, umeshapita sikioni. Hakuna mbinu hapo, unaomba tu ukugonge

Mama: Mpira au kile kisahani cheusi?

Salim (kipa): Kisahani mama, ulimi umezoea

Zuberi: Si ndo hapo! Hiyo silaha haiishi. Msimu uliopita 20 kati ya yale 44 yalikuja hivyo hivyo, wapinzani wakiwa pungufu

Salim (kipa): Ndiyo, ila kila mtu anajua anaposimama. Beki akiamua kumgandia, anabaki kufanya nini? Hapigi chenga nyingi, si mtu wa kugombania goli la karibu. Ovechkin wa Washington naye anasimama palepale, ila msimu uliopita alipiga mashuti 355, mabao 49. Mashuti 355! Huyo hata siku mkono mbaya, kwa wingi tu moja litapita. Laine 241

Dada Mwanaidi: Asante Salim. Mimi mtu akiniambia fulani kawaka, swali la kwanza ni anapiga mara ngapi, mabao yatafuata. Mfano William Karlsson wa Vegas. Msimu uliopita mabao 43 kwa mashuti 184, asilimia 23. Msimu wa kabla yake, akiwa Columbus, alikuwa na 6. Sita! Nitamfuatilia mwaka huu nione

Zuberi: Karlsson hana mkono wa Laine

Dada Mwanaidi: Nakubali. Ndiyo maana Laine nampa asilimia yake ya 18, simshushi hadi 9. Ameshacheza 22, imebaki michezo 60. Kwa kawaida yake hapigi hata mashuti matatu kwa mchezo, kwa hiyo weka 170 na kidogo. Asilimia 18 ya hapo ni 31. Jumlisha 19 alizonazo. 50

Zuberi: Kwa hiyo na wewe unasema 50! Mwaka mzima nilikuwa nasubiri useme kitu kizuri

Dada Mwanaidi: Nasema 50, wewe umesema 71. Kati yetu kuna mabao 21

Mjomba Hamisi: Ngoja Mwanaidi. Kama kafunga kupita uwezo wake, si lazima sasa aje kufunga chini ya uwezo ili mizani ikae sawa? Mimi naona kakopa. Anakuja kulipa

Dada Mwanaidi: Hapana mjomba, hapo ndipo watu wengi wanapotelezea. Bahati haina daftari la madeni. Yale 19 ni yake, hakuna atakayemnyang'anya. Kuanzia kesho anarudi tu kwenye kawaida yake, hashuki chini yake eti kwa kuwa alipanda

Mjomba Hamisi: Wewe umesoma, mimi nimeishi. Nasema hata 40 hafiki

Zuberi: 😂😂😂 mjomba, Laine anahitaji 21 tu kwa michezo 60

Mjomba Hamisi: Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na huko mnamsifu mpaka nasikia huku

Dada Mwanaidi: Kuna jambo moja mjomba anaweza kuwa nalo bila kujua. Mkataba wa kwanza wa Laine unaisha baada ya msimu huu. Kila bao ni hela. Mtu wa miaka 20 akianza kuhesabu…

Zuberi: Atafunga zaidi basi

Dada Mwanaidi: Au atabana mkono. Hilo halimo kwenye hesabu yangu

Salim (kipa): Wekeni dau basi, kelele tupu

Zuberi: Nashusha kidogo nisionekane mwehu: 60. Dada 50. Mjomba?

Mjomba Hamisi: 39

Zuberi: Atakayekuwa mbali zaidi anamzolea theluji mlangoni atakayekuwa karibu zaidi. Wiki mbili, baridi ijayo

Mjomba Hamisi: Huku kwangu theluji hamna

Zuberi: Ndiyo maana nimekuweka, huna cha kushinda 😎

Mama: Nimeandika kwenye kalenda ya jikoni. Msije mkakana

*Ijumaa, 30 Novemba 2018*

Zuberi: 21. Michezo 24. Novemba peke yake kafunga 18. Naomba dada asome polepole

Dada Mwanaidi: Nimesoma

*Februari 2019*

Mjomba Hamisi: Zuberi, mbona kimya siku hizi? Kijana wetu hajambo?

Zuberi: Shikamoo mjomba. Kazi nyingi

Mjomba Hamisi: Marahaba. Nilidhani labda anarudisha mkopo

Dada Mwanaidi: Mjomba 😩

*Jumapili, 7 Aprili 2019*

Salim (kipa): Msimu wa kawaida umekwisha jana. Mama, ile kalenda

Mama: Ninayo. 60, 50, 39

Salim (kipa): Laine kamaliza na 30

Mjomba Hamisi: Ngapi?

Salim (kipa): 30. Tangu Desemba iingie kapata 9, kwenye michezo 58. Na hakuumia, kacheza yote 82

Mjomba Hamisi: Naomba nisisitize kwamba mimi sijawahi kuona mchezo huu hata mmoja

Shangazi Tatu: 😂😂😂 leo nimefurahi kuamshwa

Dada Mwanaidi: Mjomba kashinda, ila sababu yake bado ni mbovu na nitaisema mpaka kaburini. Hakuna deni

Mjomba Hamisi: 30, mwanangu

Dada Mwanaidi: Mashuti hakuacha. Kamaliza na 245, manne zaidi ya mwaka jana! Asilimia ndiyo imeporomoka, msimu mzima 12. Mimi nilishikilia ile 18 kama vile imeandikwa kwenye jiwe, kumbe ni misimu miwili tu ya mtoto. Nilimcheka Zuberi kwa wiki zake tatu na nusu, na mimi nilichokuwa nacho ni mashuti 445

Zuberi: Kwa hiyo umekosea?

Dada Mwanaidi: Kwa mabao 20. Wewe kwa 30

Salim (kipa): Na macho yangu yaliona jambo. Walimfungia lile duara, akawa anapiga akiwa amebanwa, kipa ameshafika. Halafu ulinzi wake… tuache, timu imefungwa mabao mengi sana akiwa uwanjani

Zuberi: Karlsson je? Niambie naye kaendelea, nife moja kwa moja

Dada Mwanaidi: Kutoka 43 hadi 24

Zuberi: Haya. Raundi ya kwanza ya mtoano tunakutana na nani kwani

Salim (kipa): St. Louis. Walewale wa mabao matano. Januari walikuwa wa mwisho kwenye ligi nzima, sasa hakuna anayetaka kukutana nao

Zuberi: Tutawafunga tu. Wanamjua

Dada Mwanaidi: Unataka dau?

Zuberi: Hapana

Mjomba Hamisi: Turudi kwenye haki yangu. Kwa kuwa theluji sina, zawadi yangu namkabidhi dada yangu. Azolewe yeye

Mama: Ahsante kaka. Na Mwanaidi aliyekosea kwa 20 amsaidie mdogo wake, mlango wangu ni mpana

Dada Mwanaidi: Mama! Haikuwa kwenye makubaliano!

Mama: Nimeandika kwenye kalenda