Kwa nini DIR inakubali lakini FORMAT inakataa kwenye DOS ya zamani?

Kibatari aliuliza:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Mjomba ameniachia kompyuta ya IBM PC yenye viendeshi viwili vya diski laini, isiyo na diski kuu, inayotumia mfumo endeshi wa PC DOS 2.10. Nikiwa na diski ya programu ya barua ndani ya kiendeshi A, amri ya DIR hunipa orodha ya faili bila shida, lakini nikiandika FORMAT, amri ya kuandaa diski kwa kuifuta, najibiwa kwamba amri au jina la faili si sahihi, ingawa jana amri hiyo hiyo ilifanya kazi. Isitoshe, kila nikifunga programu hiyo, mashine hudai niingize diski yenye COMMAND.COM, ilhali DOS imewaka tangu asubuhi. Je, kumbukumbu imeharibika?

Mzee wa Diski alijibu:
Mashine yako ni nzima, ndugu. Unachozungumza nacho kwenye skrini ni programu iitwayo COMMAND.COM, na ndani yake zimo amri chache zinazotumika mara kwa mara, kama vile DIR, COPY, TYPE, REN na DEL. Hizo hufanya kazi diski yoyote iwayo. FORMAT haimo humo. Ni faili inayojitegemea, FORMAT.COM, iliyoko kwenye diski ya DOS. Ukiandika neno ambalo COMMAND.COM hailijui, hulichukulia kuwa ni jina la faili, ikaitafuta yenye mwisho wa COM, EXE au BAT, na isipoipata hutoa jibu lile lile ambalo ungepewa kama ungekosea tahajia. Ndiyo maana ujumbe ule unataja amri na jina la faili kwa pamoja. Binafsi nauona ni ujumbe mbovu, kwa sababu unamfanya mtu akague herufi zake badala ya kukagua diski yake.

Kuhusu swali la pili, COMMAND.COM hujigawa kumbukumbuni. Sehemu ndogo hubaki chini daima, na sehemu kubwa, yenye zile amri, hukaa juu kabisa, mahali ambapo programu inayohitaji nafasi inaruhusiwa kupaandika. Programu ikifungwa, ile sehemu ndogo huhakiki iwapo mwenzake bado ni mzima. Ikikuta amefutwa, humsoma upya kutoka kwenye diski, na kwa kuwa diski yako ya barua haina faili hiyo, lazima ikuombe.

Mpwani74 aliongeza:
Naafiki, ila desturi hiyo haikuanzia kwenye DOS. CP/M ya Gary Kildall, mfumo endeshi uliotangulia mwaka 1974, nayo iliiachia programu ikanyage kisoma-amri, kisha ikakisoma upya kutoka diski A. Tim Paterson alipoandika 86-DOS mwaka 1980, ambayo Microsoft iliinunua na IBM ikaitoa kwa jina la PC DOS mwaka 1981, alifuata mengi ya CP/M, zikiwemo herufi za viendeshi na majina ya faili ya herufi 8 na nyongeza ya 3. Tukumbuke kwamba IBM PC ya kwanza iliuzwa hata ikiwa na kilobaiti 16 tu za kumbukumbu. Hapakuwa na nafasi ya kumweka mtu asiye na kazi.

Mzee wa Diski alijibu:
Kweli kabisa. Kibatari, weka diski ya DOS katika A na diski tupu katika B, uandike FORMAT B: /S (hiyo /S huweka mfumo wa DOS, pamoja na COMMAND.COM, kwenye diski mpya), kisha unakili programu yako humo kwa COPY. Usisahau hiyo B, tafadhali, usije ukaifuta diski ya DOS.

Kibatari alijibu:
Nashukuru, wazee wangu. Nimefanya hivyo na mashine haidai tena diski. Ila DIR inaonyesha COMMAND.COM peke yake upande wa mfumo. Hiyo DOS yenyewe iko wapi?

Mpwani74 alijibu:
Imo humo humo, katika faili mbili zilizofichwa, IBMBIO.COM na IBMDOS.COM, ambazo DIR haizionyeshi.