Mjadala: Wapuritani walikuwa na haki ya kukichoma kitabu cha Pynchon?

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Oktoba 1650 Baraza Kuu la Massachusetts, koloni la Waingereza huko Amerika lililoongozwa na Wapuritani (Waprotestanti wenye msimamo mkali), liliamuru kitabu kitiwe moto sokoni Boston, kwa mkono wa mnyongaji. Mwandishi, William Pynchon, hakuwa mhuni. Alikuwa hakimu, tajiri wa biashara ya ngozi za manyoya, na ndiye aliyeanzisha mji wa Springfield mwaka 1636. Kosa lake ni kuandika kwamba Kristo alitukomboa kwa utii wake, si kwa kubebeshwa ghadhabu ya Mungu na mateso ya jehanamu kwa niaba yetu. Kitabu kilichapishwa London, nakala zikaja na meli. Mimi nasema Baraza lilikosea. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, kila nyumba ina miiko yake. Wale walivuka bahari kuwakimbia maaskofu wa Uingereza ili waishi wanavyoamini. Asiyetaka ahame! Roger Williams, mhubiri aliyewapinga, walimfukuza 1635, akaenda kuanzisha mji wa Providence, maisha yakaendelea. Tena usiwapime watu wa karne ya 17 kwa mizani ya leo. Kitabu cha huyo huyo Williams, cha kutetea uhuru wa dhamiri, kilichomwa London mwaka 1644, kwa amri ya Bunge.

Mleta mada:
Hoja ya nyumba ningeielewa kama Pynchon angekuwa mgeni. Jina lake limo ndani ya hati ya kifalme ya 1629, ile iliyolipa koloni uhai. Huyo ni mwenye nyumba, si mpangaji. (Na nyumba yenyewe ilikuwa ya watu wa Agawam, wenyeji wa asili wa pale, ila huo tuufungulie mjadala wake.) Kuhusu mizani ya leo: Pynchon na Williams waliandika karne ipi? Mizani ilikuwepo, wakubwa wakaitupa.

Halafu angalia kichekesho hiki. Baraza lilimteua mhubiri John Norton aandike majibu, yakatoka 1653. Kitabu majivu, majibu yanauzwa. Msomaji atajuaje nani kashinda?

Mchangiaji wa pili:
Nyote mnamlilia tajiri. Pynchon alilegeza kauli mwaka 1651, akamwachia mwanawe John mali, 1652 akarudi Uingereza na kuendelea kuandika. Mimi namkumbuka Mary Dyer, Mkweka, wa dhehebu lile ambalo jirani zangu wa Kaimosi, Kenya, wanaliita Kanisa la Marafiki. Alifukuzwa Boston, akarudi. 1659 akafikishwa mpaka kwenye kitanzi, wenzake wawili wakanyongwa mbele yake, yeye akashushwa. Akarudi tena. Juni 1, 1660 hawakumshusha.

Ndugu yangu wa "asiyetaka ahame", huyu mama alihamishwa mara ngapi?

Mchangiaji wa kwanza:
Hapo kwa Dyer umenibana. Kwa Pynchon bado sijakubali.