Kona ya hema la kujishonea imechanika: niikate au niitie kiraka?

Mtembezi wa Vilimani (Dodoma)

Wanajukwaa, salaam. Mwaka jana nilijishonea hema la mtu mmoja kwa nailoni nyembamba iliyopakwa silikoni, na pamoja na kamba na vigingi vyake halifiki kilo moja. Mwezi Agosti nililala nalo kwenye vilima vya upande wa Kondoa. Upepo wa kusini-mashariki ulivuma usiku kucha, na kona moja ikachanika pale pale uliposhonewa mkanda wa kufungia kamba, mpasuko ukaingia ndani kama shibiri moja. Fundi cherehani wa hapa mjini alinitilia kiraka cha jinzi, lakini nilipolisimamisha uani kitambaa kilianza kukatika upya kandokando ya kiraka, kwa kufuata matundu ya sindano. Je, niikate kona nzima na kuunga kitambaa kipya, au ipo namna ya kuiimarisha bila kuongeza uzito? Mvua za Desemba haziko mbali.

Fundi Mabegi

Pole sana, ndugu. Usiikate kona, kwa maana mshono mpya katikati ya hema utakuletea uvujaji ambao sasa huna. Kitambaa chako hakikuwa kibovu. Nguvu yote ya kamba ilikusanyika kwenye upana wa mkanda tu, na mshono uliobanana ukakitoboa mfano wa karatasi ya stempu. Jinzi imezidisha tatizo, kwa kuwa yenyewe hainyumbuki huku nailoni ikinyumbuka, na zaidi ya hapo hunywa maji.

Fumua kiraka hicho taratibu kwa wembe, kisha ukate viraka viwili vya kitambaa kile kile cha hema, kimoja cha ndani na kimoja cha nje, vinavyopita mwisho wa mpasuko kwa sentimita tano hivi, na ukingo wa ndani uwe wa mviringo, usiwe na pembe. Safisha kwa spiriti, halafu ubandike kwa silikoni safi ya madirisha iliyolainishwa kwa tapentaini ya rangi. Fanyia kazi hiyo nje, mbali na moto. Ikishakauka kwa siku nzima ndipo ushone mkanda, kwa uzi wa poliesta, sindano namba 11 na hatua za milimita tatu, ukiurefusha mkanda ufuate pindo pande zote mbili. Matundu ya mshono uyapake silikoni ile ile. Uzi wa pamba uwaachie wa mashuka.

Mkazi wa Kondoa

Naongeza mambo mawili. Kwanza, hakikisha kwamba ni silikoni kweli, maana vitambaa vingine hupakwa poliyurethani upande mmoja na huo huhitaji gundi yake. Bandika solotepu kila upande: kwenye silikoni itang'oka yenyewe, kwenye poliyurethani itashika. Pili, nailoni ikilowa hulegea, nawe unaamka usiku kukaza kamba. Jua likipanda inajikaza tena na kona ndiyo inayobeba adhabu hiyo. Mimi nimefunga kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli kati ya kamba na kona, nao hupokea mishtuko ya upepo. Vilevile usiliache hema limesimama mchana kutwa, kwani jua letu hudhoofisha nailoni kabla hujaona dalili yoyote.

Mtembezi wa Vilimani (Dodoma)

Ahsanteni. Solotepu imeng'oka pande zote mbili, kwa hiyo nimefuata maelezo ya Fundi kama yalivyo, isipokuwa kiraka cha kwanza nilikipaka silikoni nyingi mno kikateleza, ikanibidi nianze upya. Jana nimefunga kona kwenye tawi la mwembe na kuning'iniza ndoo ya lita 10 iliyojaa maji kwenye mkanda kwa saa mbili: kitambaa kimejivuta kidogo, ila hakuna tundu lililopanuka. Tyubu nimeipata kwa fundi baiskeli bila malipo. Kona tatu zilizobaki nitazifanya Jumamosi, kabla hazijachanika nazo.