Naomba ushauri: nataka kazi ya serikali ya kuchambua sera za ziwa, nianzie wapi?

BintiMajanji

Habari za jioni ndugu zangu. Mi niko Busia upande wa Uganda, nimezaliwa Majanji mwaloni kabisa, pale boti za uvuvi zinapotia nanga, baba mvuvi na mama anaanika mukene, yaani dagaa wa ziwani. Mwaka jana nilimaliza digrii ya uvuvi na ufugaji wa samaki pale Makerere. Tangu nimalize kila mtu ananiambia nitafute kazi ya ofisa uvuvi wilayani na sikatai, ila moyo wangu uko kwenye zile karatasi zinazoamua mambo, yaani ni nani alikaa akaandika boti iwe futi 28, nani aliamua sangara wa sentimita 49 ni kosa na wa 50 ni halali, hiyo ndo kazi naitaka.

Niwaeleze kwa nini. Nikiwa Senior Four, yaani kidato cha nne, boti ya baba ilichomwa mbele yetu mwaloni kwa sababu ilikuwa fupi. Ilikuwa ya futi 22, aliinunua kwa pesa ya ng'ombe wawili. Leo baada ya kusoma naelewa vizuri sababu ya kukataa boti fupi, zinashinda kandokando kwenye matete ambako samaki wanazalia na vitoto vinakulia, haziwezi kwenda maji marefu. Sikatai sayansi hiyo. Lakini hakuna aliyekuja kumwambia baba mapema, na sidhani kuna mtu aliwahi kuhesabu boti ya futi 28 na injini yake itamgharimu nini mzee ambaye samaki wake wanabebwa sokoni kwa baiskeli. Muhula mzima nilikaa nyumbani, ada ilikuwa imeungua na ile boti. Sasa mimi nataka niwe mtu wa kuhesabu kabla karatasi haijasainiwa.

Kwa hiyo naombeni mnisaidie, hizi kazi zinatangazwa wapi, lazima niongeze sheria au uchumi, na hiki Kiswahili changu kitanisaidia popote? Halafu kuna mwenzangu aliniambia nisipoteze muda na mambo ya sera za bahari maana Uganda haina bahari, ni kweli?

MzeeWaMizani

Mwanangu pole sana kwa yaliyompata mzee wako. Mimi nimestaafu, nilikuwa ofisa uvuvi kwenye wilaya mbili za ziwani, na nakwambia kutoka moyoni anzia wilayani. Nafasi za wilaya zinajazwa na tume ya utumishi ya wilaya, tangazo linabandikwa ubao wa makao makuu na linatoka kwenye magazeti, unajaza fomu unaambatanisha vyeti. Usisubiri Kampala.

Kwa nini wilayani? Kwa sababu takwimu zote utakazokuja kuchambua zinatoka mwaloni. Tangu mwaka 2000 nchi tatu za ziwa, sisi na Kenya na Tanzania, zinafanya sensa ya uvuvi karibu kila miaka miwili, tunapita mwalo kwa mwalo tunahesabu boti, injini, nyavu, macho ya nyavu, watu. Mimi nimezifanya kadhaa. Unafika saa kumi na moja alfajiri kabla boti hazijatawanyika, una daftari na kalamu mbili maana moja itaangukia majini, na mwenye nyavu haramu amezifukia mchangani usiku. Ukimwona mtu amekaa palepale hataki kuinuka kukusalimia, ujue amezikalia. Mtu aliyekaa ofisini Entebbe tu akiona kwenye jedwali kwamba mwalo fulani una makokoro, zile nyavu haramu za kukokota, sifuri atafurahi na ataandika kwamba sheria inafanya kazi. Wewe utajua lile sifuri limetoka wapi.

Na hiyo ya sentimita 50 nikueleze, kipimo kina pande mbili, chini ya 50 hapana na juu ya 85 hapana pia. Chini kwa sababu hajazaa. Juu kwa sababu yule sangara mkubwa ni jike karibu kila mara, na jike kubwa lina mayai mengi kuliko majike madogo kadhaa ukiyaweka pamoja. Wavuvi ya chini wanaielewa, ya juu inawauma, maana samaki mkubwa ndiye mwenye bondo, kile kibofu chake cha hewa, la bei. Ukiwa na ubao wa kupimia mkononi na mtu amesimama mbele yako na samaki wa sentimita 90 ambaye ameshakufa, umwambie nini? Hapo ndipo nilipojifunzia sera.

KalamuYaEntebbe

Mzee shikamoo, nakuheshimu ila kidogo hapa natofautiana na wewe, maana nimeona vijana wengi wameingia wilayani na nia nzuri na miaka kumi baadaye bado wanakimbizana na pikipiki isiyo na mafuta.

Dada, mimi ni mchambuzi wa sera wizarani, sitasema ipi. Wengi hawajui kwamba kwenye utumishi wa umma hii ni kada kabisa inayojitegemea, kuna mchambuzi wa sera, mwandamizi, mkuu, na kila wizara ina kitengo chake, na juu yetu wote kuna sekretarieti ya baraza la mawaziri Ofisi ya Rais. Wanaoajiri ni Tume ya Utumishi wa Umma. Maombi siku hizi unaingiza mtandaoni, ukipita mchujo unafanya mtihani wa kupima uwezo, hesabu na lugha na kufikiri, halafu usaili. Ule mtihani unaangusha watu wenye digrii nzuri kabisa kwa sababu hawakufanya mazoezi ya kwenda na saa.

Tatizo lako ni moja na nakuambia wazi usije ukalia baadaye. Matangazo ya mchambuzi wa sera mara nyingi yanataka uchumi, sayansi ya jamii, takwimu, sheria, utawala. Digrii ya uvuvi peke yake unaweza kuchujwa hata kabla jina lako halijasomwa. Soma tangazo neno kwa neno. Dawa yake si digrii ya pili nzima, tafuta stashahada ya uzamili ya utawala wa umma au sera, pale UMI, chuo cha menejimenti Kampala, wanafundisha na wengi wanasoma huku wanafanya kazi. Upande wa mshahara ujue tangu Julai 2022 serikali ilipowapandishia wanasayansi, sisi wa sera tulibaki skeli ya kawaida, kwa hiyo ofisa uvuvi anaweza kukuzidi mbali. Usije kwa ajili ya pesa.

Sasa kazi yenyewe. Waziri akitaka kanuni mpya lazima waraka uende kwa baraza la mawaziri, na waraka hauendi mtupu, unahitaji tathmini ya athari, yaani tatizo ni nini hasa, kuna njia ngapi za kulitatua ikiwemo ya kutofanya kitu, nani atapata, nani ataumia na kwa kiasi gani, pamoja na cheti cha Wizara ya Fedha kinachosema serikali itamudu gharama. Hilo swali lako la boti ya futi 28 na baiskeli ndio hasa sehemu ya nani ataumia. Na mara nyingi ndio sehemu fupi kuliko zote, aya moja, kwa sababu aliyeandika hakuwa na namba. Mi mwenyewe nimeshaandika aya kama hiyo na sijisikii vizuri nikiikumbuka.

MzeeWaMizani

Kalamu marahaba. Umeona basi, hakuwa na namba. Namba ziko wapi? Wilayani.

KalamuYaEntebbe

Mzee hapo umenishinda. Bas aanze wilayani miaka miwili mitatu, asome stashahada jioni, halafu avuke. Ila avuke kweli.

MajiYaJinja

Naona wote mnaongelea samaki tu na ziwa si samaki tu jamani. Mi niko upande wa maji. Mnakumbuka Mei 2020 ziwa lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likaipita rekodi ya 1964 kwa sentimita moja, watu wakahama nyumba, mialo ikazama, na Aprili ile kisiwa cha matete kikaelea hadi kwenye bwawa la Nalubaale kikazima umeme karibu nchi nzima. Watu waliuliza kwa nini hamfungulii maji? Kumbe kuna makubaliano ya tangu enzi za kujenga bwawa miaka ya 1950, kwamba maji yanayotoka Jinja yafuate kina cha ziwa kama vile mto ungetoka wenyewe bila bwawa. Ukifungulia zaidi, walio chini kwenye Kyoga wanazama, na huko mbele mto ni uleule unakwenda hadi Misri. Ukibana, Kisumu na Mwanza wanazama pamoja na sisi. Anayekaa na hizo hesabu na kumwandikia waziri ukurasa mmoja unaoeleweka ni mtu wa sera za ziwa huyohuyo, anakaa Wizara ya Maji na Mazingira, idara ya rasilimali za maji iko Entebbe.

NEMA, mamlaka ya mazingira, nao usiwasahau. Kanuni za 2000 zinasema mita 200 kutoka ukingo wa ziwa kubwa kama Victoria pasiguswe bila kibali. Lakini ziwa likipanda kama 2020 ukingo uko wapi? Unapima kutoka wapi? Mahoteli, mashamba ya maua, makanisa, vibanda vya mukene, vyote viko ndani ya zile mita. Kuna kazi ya maisha mazima pale.

KijanaWaPanyimur

Kuhusu Kiswahili dada nikujibu mimi wa ziwa Albert. Huku nusu ya ziwa ni ya Kongo na mwaloni Kiswahili ndicho kinachouza samaki, Mualuri, Mgungu, Mkongo wa Mahagi wote wanaelewana hapo. Nimeona mikutano ya miradi inaletwa watu wazuri wenye PHD, wanaongea Kiingereza, mkalimani anatafsiri vibaya, wavuvi wanapiga makofi na kwenda zao. Siku moja walikuja kuelezea mambo ya mafuta na njia za boti, mkalimani akasema "mtahamishwa" badala ya kusema boti zitapita njia nyingine, wamama wakaanza kufunga mizigo usiku uleule!! Mtu wa sera anayesikia lugha mwenyewe hafanyi kosa kama hilo.

Na Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2021 Kiswahili ni lugha yake rasmi. LVFO, lile shirika la uvuvi wa ziwa Victoria, makao yako Jinja hapo karibu na kwenu, na kamisheni ya bonde la ziwa hilo iko Kisumu. Wakitangaza nafasi wanazigawa kwa nchi, mkataba ni miaka mitano, lakini wanataka uzoefu kwanza kwa hiyo iweke kichwani kwa baadaye.

NahodhaAsiyeNaPwani

Hili la "Uganda haina bahari" linanikera kila nikilisikia. Mkataba wa sheria ya bahari wa 1982 una sehemu nzima kwa ajili ya nchi kama yetu, haki ya kufika baharini na kupitisha mizigo, na ibara ya 69 inatupa haki ya kushiriki, kwa makubaliano, kwenye samaki wa ziada wa ukanda wa kiuchumi wa nchi za pwani za eneo letu. Uganda imeridhia mkataba huo. Nani anaifuatilia hiyo haki? Pale Wizara ya Mambo ya Nje wanaolielewa jambo hili ni wachache. Mwanafunzi wa uvuvi anayejua kusoma mkataba angekuwa dhahabu. Usikubali mtu akufungie huo mlango.

BintiMajanji

Jamani asanteni sana, nimesoma yote mara mbili na nimemsomea mama pia, alipofika pale pa mtu aliyezikalia nyavu alisema huyo mzee kweli alikuwa ofisa.

Nimeamua hivi, tangazo la wilaya likitoka naomba, na stashahada nitaanza nikipata mshahara wa kwanza. Ila sitaki kukaa bure. Kalamu umesema aya ya nani ataumia inakosa namba, basi leo asubuhi nimeanza nazo. Nimeenda kwa fundi boti wa hapa Majanji nikamuuliza mbao, misumari, pamba ya kuzibia, siku za kazi, kila kitu, kwa boti ya 22 na ya 28. Ameniambia mvule haipatikani tena kirahisi na boti ndefu ya mbao laini haikai miaka mingi, hiyo sikuijua kabisa. Kesho nauliza wavuvi kumi nani kati yao alipata boti mpya baada ya kuchomewa, alipata vipi, na nani aliacha ziwa. Nataka pia wamama wa mukene, maana mukene ndo wengi kuliko samaki wote ziwani sasa kwa uzito na sheria zinazoongelewa kila siku ni za sangara. Mama anaanika kwenye mchanga, mukene wa kichanjani unauzwa uliwe na watu, wa mchangani unaenda kuwa chakula cha kuku kwa bei ya chini, na hajawahi kufikiwa na mtu yeyote wa wizara kuulizwa kwa nini hana kichanja.

Mzee Mizani nina swali moja limetugawa hapa nyumbani. Fundi anasema futi 28 inapimwa chini kwenye mkuku, baba anasema ni juu. Tofauti yake kwa boti moja ni kama futi tatu hivi. Nyie mlikuwa mnapima wapi?

MzeeWaMizani

Sisi tulipima juu, ncha ya mbele hadi ncha ya nyuma, kamba imenyooshwa, haifuati ubavu. Lakini nimeona wenzetu wa mwalo wa jirani wakipima vingine na boti ileile ikapita kwao ikakataliwa kwetu. Chukua kamba, pima zote mbili kwa kila boti unayoiona, andika zote mbili na tarehe na jina la mwalo. Na ile ya mzee wako, kama bado unakumbuka fundi aliyeiunda, muulize kama alibaki na vipimo.

BintiMajanji

Fundi ni huyuhuyu. Naenda sasa hivi kabla giza halijaingia.